Ganuni ya Mapengo Tisa

Amur bin Bakhit aliteremka Matrah, Omani, mwaka 1964 na mke mmoja, binti mmoja na sanduku moja, na katika hivyo vitatu ni sanduku lililomtoa jasho zaidi gatini Unguja. Wakaguzi walipolifungua wakakuta nyuzi sabini na nane zimetandazwa juu ya ubao, wakaamua kwamba ule ni mtambo wa kuzungumzia na maadui wa nchi. Ikambidi Amur aulaze mapajani, avae kucha zake za pembe kwenye vidole vya shahada, awapigie beti mbili palepale baina ya mizigo na watoto wanaolia. Wakasikiliza mpaka mwisho. Kisha mkubwa wao akasema mtu anayepiga namna ile hawezi kupindua hata sufuria, akalipiga sanduku alama ya chaki, likapita.

Ilikuwa ganuni. Huko Unguja, mchana Amur alikuwa karani wa kawaida, wa kugonga mihuri na kupoteza mafaili kama karani yeyote mwenye afya. Jioni ndipo alipokuwa mtu. Kwenye klabu yao ya taarabu alikaa kiti cha pili kutoka kulia, kofia imesimama, na wimbo haukuanza mpaka yeye atoe sauti ya kwanza ili wenzake wote wapatanishe vyombo vyao juu yake. Mtu aliyewahi kusubiriwa na watu kumi na wanane kila Jumamosi hapotezi majivuno yake hata akipoteza nchi.

Matrah haikumsubiri. Jamaa zake walimpokea vizuri, wakampa vyumba viwili nyuma ya soko, lakini mtaani alikuwa "Zinjibari" tu, kichekesho. Kiarabu alikisoma chuoni kwa fimbo, kwa hiyo akienda kununua jodari alizungumza kama khatibu juu ya mimbari. Wauza samaki walikuwa wakimwitikia "Amin" na kuendelea kufukuza nzi. Na zaidi ya kuchekwa kulikuwa na joto. Majabali meusi ya Matrah hula jua mchana kutwa na hayabakishi kitu ila moto, na nyuzi za ganuni ya Amur zilikuwa za utumbo wa kondoo. Pa! Zilianza kukatika wiki ya kwanza. Kila ulipokatika uzi, mkewe, Mahbuba, alisema "Inna lillahi" kutoka jikoni bila kuacha kukuna nazi, na jirani mmoja aliyesikia mara tatu kwa siku moja alikuja kutoa rambirambi.

Ganuni imejaaliwa. Kila sauti moja ina nyuzi tatu. Ukikatika mmoja, wawili wanabeba; wakikatika wawili, aliyebaki anahangaika kama mjane mwenye watoto. Amur aliwahamisha wale wazima huku na huku, akanyang'anya sauti nene akazipa nyembamba, miaka minne mizima. Alijaribu mshipi wa kuvulia: ukatoa sauti ya mbu. Alijaribu waya wa simu: sahani zikatikisika kabatini. Aliagizia Bombay nyuzi za utumbo kwa baharia mmoja wa meli ya abiria, akasubiri miezi saba, zikaja nyuzi nzuri sana, nzito, za raketi ya tenisi. Mwaka 1968 ulipoingia, katika sauti ishirini na sita za ganuni ile, tisa zilikuwa zimekufa kabisa. Ubao mtupu. Ukipiga wimbo ulitoka kama hotuba ya kibogoyo.

Amur akaifunika kanga, akaisukuma chini ya kitanda.

Basi mwaka huohuo akaja mposaji. Kijana aitwaye Aflah, wa watu wa Unguja vilevile, aliyepata kazi ya umeme kwa wachimba mafuta, alimposa binti yake, Nasriya. Kijana mzuri, hana neno. Mahari yakaafikiwa, harusi ikapangwa Mfunguo Mosi, baada tu ya Ramadhani. Nasriya akakubali yote kwa kuinama kichwa kama inavyotakiwa, kisha wageni walipoondoka akainua kile kichwa akasema:

"Baba, uliniahidi. N'tatoka nyumba hii kwa ganuni yako."

"Mwanangu, ganuni imekufa."

"Haijafa, iko uvunguni."

"Ina mapengo."

"Na wewe una mapengo mawili, mbona unakula muwa?"

Mahbuba akacheka mpaka akashika ukuta. Amur hakucheka. Alikuwa ameahidi kweli, mtoto akiwa na miaka sita, klabuni, na ahadi za namna hiyo mtu huzitoa kwa urahisi kwa kuwa hadhani hata siku moja kwamba dunia itaingilia kati. Lakini kule klabuni mpigaji aliyekuja na uzi mmoja uliolegea alichekwa mwezi mzima, akipita njiani watu wakimpigia mluzi wa kinyume. Amur mwenyewe alikuwa fundi wa mluzi huo. Leo yeye akakae mbele ya wanawake wote wa Unguja waliomo Matrah na Maskati, wenye masikio kama visu, na sauti tisa hana?

"Sipigi," akasema. "Bora kimya kuliko aibu."

"Basi na mie sitoki," akasema Nasriya. "Mwambieni Aflah ahamie hapa."

Mambo yakasimama hapo, na mtu aliyekuja kuyasukuma alikuwa wa mwisho ambaye ungemfikiria.

Amur alikuwa amepata kazi ya karani wa stoo huko Saih al-Malih, kwenye ujenzi wa bandari ya mafuta. Siku moja ya mwezi wa tano alikuwa amekaa nyuma ya meza akingoja gari la saruji, na vidole vyake vya shahada, bila ya yeye kujua, vilikuwa vikitembea juu ya ubao wa meza, kulia, kushoto, kulia. Mbele yake akasimama Mzungu mrefu, mkavu kama papa wa kukaushwa, msimamizi wa zege, Mtaliana aliyefika juma lile.

"Jambo bwana," akasema yule Mzungu. "Hii vidole yako nafanya kazi gani?"

Amur akaruka. Hakushtushwa na swali. Kilichomshtua ni Kiswahili, tena cha namna ile, kilichokuja kumkuta Uarabuni kama barua iliyoandikwa kwa mguu.

"Vidole? Havifanyi kitu."

"Hapana danganya. Mimi iko mtu ya muziki. Mimi naona. Hii moja nakwenda, hii nafuata. Iko kitu ya nyuzi mingi."

Jina lake Ruggero Baldissin, na Kiswahili chake alikipata jela. Habari zake Amur alizikusanya kidogo kidogo baina ya magunia ya saruji, kila siku kipande, na kila kipande kiliyaumiza masikio yake kwa sarufi. Alizaliwa kwenye kijiji cha wavuvi karibu na Venisi. Mama yake alifua mashuka ya masista wa kanisa, na masista, kwa kuwa walikuwa na mashuka mengi kuliko fedha, walimlipa kwa kumfunza mtoto wake kinanda. Mtoto akawa na kipaji, akapelekwa chuo kikubwa cha muziki huko Milano, akaanza kutunga. Halafu vikaja vita. Akavishwa kofia ya chuma, akapelekwa Uhabeshi kupigana, na kwa bahati nzuri, maneno yake mwenyewe, hakumpiga mtu hata mmoja kabla ya kutekwa. Waingereza wakampeleka Kenya, kambi ya wafungwa karibu na Nanyuki, akakaa miaka mitano akivunja mawe ya barabara na kufundishwa Kiswahili na askari walinzi na wapishi wa masetla, ndiyo maana alizungumza kama mtu anayeamrisha yai likaangwe.

Kambini padri aliwaletea kinanda cha pumzi, kile cha kukanyaga kwa miguu. Kilikuwa kimekaa ghalani miaka, na mchwa walikuwa wameshakula walichokipenda. Sauti kumi na nne hazikulia tena. Wafungwa wenzake wakasema kitiwe moto, angalau wapate chai.

"Mimi nasema hapana," Ruggero alimwambia Amur, ameketi juu ya gunia, macho yanang'aa. "Mimi nakaa, nasikia. Hii iko, hii hapana iko, hii iko. Mimi nasema: mchwa iko natunga na mimi. Yeye nakata, mimi nacheza ile nabaki."

Akaandika muziki kwa zile sauti tu zilizosazwa na mchwa. Na pale ambapo sauti iliyokufa ingetakiwa kulia, hakuziba na nyingine. Aliacha tundu. Alipiga sauti moja, akaiacha itoke, izeeke, ife kifo chake yenyewe, ndipo akapiga ya pili. Vita vilipokwisha alirudi Milano kwenye vinanda vyeusi vinavyong'aa, vizima, visivyo na jino lililong'oka, na akagundua kwamba hawezi tena kuvijaza. Akaendelea kuacha matundu. Aliyapima kama mwokaji anavyopima unga: hapa kimya cha pumzi mbili, hapa cha pumzi tano. Wakapiga muziki wake kwenye jumba la Venisi. Nusu ya watu wakazomea. Nusu nyingine wakangoja waone kama kuna zaidi, wakaona hakuna, nao wakazomea. Gazeti moja likamwita fundi bingwa wa kunyamaza. Sasa fundi bingwa wa kunyamaza hana mshahara popote duniani, isipokuwa labda serikalini, kwa hiyo Ruggero aliyekwishatunga vipande arobaini alikuwa anakuja nchi za watu kuangalia zege likikauka.

"Hiyo ni kazi ya sawasawa kwake," alisema Mahbuba alipohadithiwa. "Zege nalo halisemi. Mlete Ijumaa, tumwone."

Ijumaa baada ya alasiri Ruggero akafika amebeba kopo la biskuti, akakaa kwenye mkeka miguu imemzidi urefu, akanywa kahawa vikombe saba kwa kuwa hakuna aliyemwambia atikise kikombe kuashiria imetosha. Nyuma ya pazia walikaa wanawake: Mahbuba, Nasriya, na majirani wawili, Bi Masouda na Bi Rahila, waliokuja kila mmoja kwa sababu alisikia mwenzake anakuja. Wawili hawa walikuwa hawasemezani tangu Idi, kwa kuwa Bi Masouda alieneza kwamba biriani ya Bi Rahila ina mawe, na kwamba moja limemvunja jino. Jino lilikuwa limevunjika, hilo halina shaka. Mjadala ulikuwa ni nani aliyelivunja.

Amur akaitoa ganuni uvunguni kwa aibu, kama mtu anayemtolea daktari mguu wenye kidonda. Ruggero akapiga magoti. Akaujaribu kila uzi, na kila alipokuta ubao mtupu alichora duara kwenye karatasi ya mfuko wa saruji. Alipofika mwisho akainua uso, anameremeta.

"Bwana Amur! Mzuri sana! Iko kufa tisa!"

"Huyu anampongeza mtu kwa msiba," ikasema sauti ya Bi Masouda nyuma ya pazia. "Na Kiswahili hicho kafunzwa na nani, na punda?"

"Nyamaza, shoga," Mahbuba akanong'ona. "Anapiga."

Akapiga. Hakuwa mpigaji wa ganuni, kucha za pembe alizivaa kama viatu vya mtoto, lakini alipiga sauti moja ya chini, ikatoka, ikajaa chumba, ikatambaa ukutani, ikapungua, ikapungua, na hakuna aliyeweza kusema imekwisha lini. Akapiga ya pili. Ya tatu. Kisha vidole vyake vikafika penye pengo, vikasimama hewani, na akanyamaza.

Akanyamaza kweli. Nje punda akakohoa.

Sasa inafaa isemwe kwamba wanawake wa Unguja wamelelewa na taarabu, na taarabu haisemi kitu waziwazi. Kila wimbo ni fumbo, kila fumbo lina mwenyewe, na kazi ya msikilizaji ni kujua nani kapigwa. Masikio hayo hayakuambiwa kwamba Mzungu huyu ana falsafa yake ya Nanyuki. Yalisikia sauti tatu zikipanda vizuri, kisha mpigaji akanyamaza kwa makusudi, kichwa kimeinama, mkono hewani.

"Hee!" akasema Bi Rahila taratibu. "Mmesikia alivyonyamaza?"

"Tumesikia," akasema Mahbuba.

"Kanyamaza palepale. Kama mtu aliyetafuna akakuta kitu."

"Unakusudia nini, Bi Rahila?" Sauti ya Bi Masouda ilikuwa imepanda.

"Mie sina kusudio. Mpigaji ndiye mwenye kusudio. Kasema: mimi ningeyasema ya mtu aliyezusha mawe kwenye biriani ya watu, lakini nna adabu, nanyamaza."

"Mtu hajui hata kusema 'nataka', atajua biriani yako?"

"Fumbo humfumbia mjinga, mwerevu huling'amua."

Na pazia likafunuka kidogo upande wa kulia, ukatoka mkono mmoja, umevaa bangili hadi kiwiko, umeshika mrashi. Ukamnyunyizia Ruggero marashi ya waridi kichwani, mara tatu, ukarudi ndani. Mwili wa Bi Rahila haukuonekana, heshima haikuvunjika.

Ruggero akabaki anadondoka maji. Akapiga sauti mbili, akafika pengo la pili, akanyamaza tena, na safari hii kimya kilikuwa kirefu zaidi, pumzi tano kamili.

"Ahaa!" akapiga kelele Bi Masouda. "Na hicho je? Hicho ni cha nani? Kanyamaza mara mbili ya kile! Huyo ni anayepika halafu akiambiwa ukweli ananuna! Lete mrashi!"

Ukatoka mkono wa kushoto. Ukawa mmoja kila pengo, kulia, kushoto, kulia, na kila aliyehisi kimya kimempiga mwenzake alimtuza mpigaji, na aliyehisi kimempiga yeye alingoja kinachofuata kwa hasira, pumzi imebanwa. Mrashi ulipokwisha ukatoka mkono na chano cha asumini, zikamwagwa zote juu ya kichwa kile kirefu. Amur alikuwa ameshika mashavu. Katika miaka ishirini na miwili ya kupiga kwenye kumbi zenye watu mia nne, hajaona hata mara moja wanawake hawa wakisikiliza hivi. Kule klabuni walikuwa wakizungumza tangu wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho. Mtu alipiga ganuni juu ya habari za mimba na talaka.

Ruggero alipomaliza hakuinuka. Maji ya waridi yalikuwa yanamtiririka puani, na juu yake yalikuwa yanatiririka mengine, ya kwake mwenyewe.

"Milano nafanya fyuuu," akasema, akiiga mluzi wa kuzomea. "Venisi nafanya fyuuu. Miaka ishirini mtu hapana sikia ile kimya yangu. Hapa mama nasikia kimya, napatia mimi maua. Ahsante. Ahsante sana. Wambia mama ahsante."

"Bwana Rujero," Amur akasema, uso unamuwaka, "samahani sana. Hawa wamefahamu vibaya. Wamedhani ni—"

"Baba Nasriya!" Mahbuba akamkata kutoka ndani. "Nani kakwambia tumefahamu vibaya? Yeye kanyamaza, sie tumesikia. Mkewe ana kazi gani zaidi ya hiyo?"

"Hana mke."

"Basi ndiyo maana."

Jioni ile Amur akamwambia Nasriya atajaribu, na Ruggero akaja Ijumaa kumi na tisa. Alimtaka Amur amwimbie wimbo wa kumtoa bibi harusi jinsi ulivyokuwa ganuni ikiwa nzima, akauandika kwenye mifuko ya saruji, akatia duara jeusi kila mahali ambapo sauti iliyokufa inahitajika. Mara ishirini na tatu katika wimbo mmoja. Amur akataka kuziruka. Akataka kuziba kwa sauti za jirani. Akataka kuharakisha, mapengo yapite kabla mtu hajayaona, na hapo ndipo Mtaliana yule mpole alipompiga kofi la mkononi.

"Hapana kimbia shimo! Wewe nakimbia, mtu naona wewe iko mwizi. Wewe nasimama, mtu naona wewe iko mwenye nyumba. Vuta pumzi. Moja. Mbili. Sasa piga."

Vidole vya Amur havikutaka. Vilikuwa na adabu ya miaka ishirini na miwili, vikaenda wenyewe penye nyuzi zisizokuwepo, vikagonga ubao, tk, tk, na kila tk ilimchoma kama mluzi wa klabuni. Alitaka kuacha mara tatu. Mara ya tatu alimwambia mkewe kwamba watu wa Unguja wakija kusikia haya watamcheka mpaka kiyama.

"Watu gani?" Mahbuba aliuliza, mikono ina unga. "Mpiga fidla yuko Mombasa, wa udi yuko Dubai anauza matairi, mwimbaji wenu alikufa, Mungu amrehemu. Kiti chako cha pili kutoka kulia sijui kakalia nani. Unamwogopa nani, yakhe? Aliyebaki wa kukusikiliza ni mwanao."

Amur akainuka. Alikwenda kuketi na ganuni, akavuta pumzi moja, mbili, na akapiga.

Siku chache kabla ya Ramadhani mkataba wa Ruggero ukamalizika. Aliondoka kwa gari la kampuni, ameacha mifuko ya saruji thelathini na moja iliyoandikwa na kopo tupu la biskuti, na ameahidi kutafuta nyuzi kwao na kuzituma. Amur alimpa kanzu ya kutarizi shingoni, kazi ya mkono wa Mahbuba, akamwambia, "Mungu akulipe, bwana, mie sina cha kukulipa." Ruggero akajibu kwa Kiswahili chake kwamba ameshalipwa, nywele zake mpaka leo zanuka waridi. Nyuzi hazikuwahi kufika kabla ya Mfunguo Mosi. Amur hakuzingoja.

Harusi ikaja. Nikaha ilifungwa msikitini asubuhi, na baada ya adhuhuri wanawake wakajaa nyumba nzima, milango imerudishwa, kwa kuwa wakubwa wa mji hawakupenda muziki wa kusikika njiani. Amur alikaa baraza ya ndani, nyuma ya pazia lilelile, safari hii yeye upande wa wanaume na ukumbi wote wa wanawake upande wa pili. Nasriya alikuwa kwenye kiti chake, amefunikwa shela ya kijani, piko limemkolea, na kama ilivyo desturi alitakiwa asitoe sauti: bibi harusi hacheki, hasemi, haangalii, hukaa kama mzigo wa thamani unaongoja mwenyewe. Bi Masouda alikaa kuliani kwake kuhakikisha hilo. Bi Rahila alikaa kushotoni kwake kumhakikisha Bi Masouda.

Amur akaanza. Beti ya kwanza ikapanda vizuri, wanawake wakaitambua, kukapita mguno wa "aah" ukumbini, kisha akafika pengo la kwanza. Akasimama. Moja. Mbili. Ukumbi ukanyamaza kama ulivyonyamaza ukumbi wa watu wanne Ijumaa ile, ila sasa walikuwa sitini, kila mmoja ananyoosha shingo kutazama nani kapigwa. Amur akauhisi mluzi unakuja. Alikuwa tayari kuukuta.

Hakuja mluzi. Ilikuja sauti, ndogo, ya puani, imezibwa na shela: ile sauti hasa iliyokosekana, mahali pake hasa.

Amur akapiga iliyofuata. Akafika pengo la pili, na ile sauti ikaja tena.

"Subhanallah," akasema Bi Masouda kwa mnong'ono uliosikika mpaka jikoni. "Bibi harusi anaimba!"

"Mwambie anyamaze!" akasema mtu.

"Mwambie wewe!"

"Mwacheni!" Hiyo ilikuwa sauti ya Mahbuba, nene, ya mama mwenye shughuli yake. "Tangu ana miaka sita anaingoja hii. Nani kati yenu aliolewa akiwa na cha kusema?"

Kicheko kikalipuka upande mmoja, vigelegele upande mwingine, na chini ya vyote hivyo Nasriya hakuacha. Alikuwa amelala miaka yote ya utoto wake kwa wimbo ule, aliujua kila kona, na kila baba yake aliposimama penye ubao mtupu yeye alikuwepo, bila kuinua kichwa, mikono imetulia mapajani, bibi harusi mwenye adabu zote isipokuwa moja. Bi Rahila alikuwa analia waziwazi. Bi Masouda aliutazama ukumbi kwa ukali wa mtu anayetaka kuwaambia wote waliokuja kwamba yeye alikuwa kuliani kabisa. Nyuma ya pazia, Amur alikuwa hachezeshi tena vidole kwa hofu. Alikuwa anazipenda zile nafasi. Alizipa pumzi moja zaidi ya zilivyoandikwa, amsikie vizuri.

Aflah akafika na Landrova ya kuazima. Wakamwinua Nasriya, wakamshika huku na huku, na wimbo haukuwa umekwisha. Ule ni wimbo wa kutokea, mpigaji hatakiwi kuacha mpaka gari liondoke. Amur akaendelea. Akamsikia anapita ukumbini, akamsikia kwenye kizingiti anatia sauti yake moja, ya haraka, karibu acheke. Mlango ukafunguliwa, vigelegele vikamwagika uchochoroni, mlango wa gari ukagongwa.

Beti ya mwisho ilikuwa na duara moja jeusi. Amur alifika hapo, akainua mkono, akavuta pumzi. Moja. Injini ikawaka. Mbili. Gari likarudi nyuma, likapata njia. Tatu. Hakuna aliyeimba. Aliisikia Landrova mpaka ilipokunja kona ya soko, na hata baada ya hapo hakuharakisha. Alikaa ndani ya kimya kile kama mwenye nyumba, akamshukuru Mola wake kwa kila aliyewahi kukijaza, ndipo akaupiga uzi wa mwisho na kuuacha utoke mpaka ukaisha wenyewe.

Pazia likafunuka. Alikuwa Mahbuba, macho mekundu, na sahani ya biriani mkononi.

"Kula," akasema. "Imepikwa na Bi Rahila. Tafuna polepole."